Tusifunge Tena Vyumba vya Upasuaji wa Mifupa

Machi 2020, katika muda usiozidi wiki mbili, hospitali za nchi nyingi zilifanya jambo ambalo mwezi mmoja kabla lisingepita katika kikao chochote: zilisimamisha kwa mkupuo upasuaji wote usio wa dharura. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 ya mwezi huo. Tarehe 17, uongozi wa huduma za afya wa England uliziagiza hospitali zijipange kuahirisha operesheni zinazoweza kungoja. Kesho yake serikali ya Marekani ikatoa wito unaofanana na huo. Waliopigwa zaidi walikuwa watu wa mifupa. Mtandao wa watafiti wa COVIDSurg, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, ulikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele operesheni milioni 28.4 zingefutwa au kusogezwa mbele duniani kote, na milioni 6.3 kati ya hizo ni za mifupa na viungo. Hakuna fani nyingine ya upasuaji iliyofikia idadi hiyo.

Sina ugomvi na wiki zile za kwanza. Vyumba vya kuamkia baada ya upasuaji viligeuzwa vyumba vya wagonjwa mahututi, madaktari wa usingizi walihamishiwa kwenye mashine za kupumulia, na barakoa zilihesabiwa moja moja. Nani angedai goti lake libadilishwe siku hiyo? Ugomvi wangu ni na miezi iliyofuata, na zaidi ni na simulizi iliyobaki vichwani mwa wakubwa wa hospitali: kwamba ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mjini, idara ya mifupa hufunga milango, hubaki na majeruhi wa ajali, na hungoja kupambazuke. Simulizi hiyo ikiachwa ikomae, ndiyo itakayotuongoza siku janga jingine litakapobisha hodi. Nami nasema njia nyingine ilikuwepo, ilijulikana hata kabla ya 2020, na jina lake ni kutenganisha.

Tuanze na takwimu iliyowatia madaktari hofu kuliko zote. Mwishoni mwa Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya COVIDSurg kuhusu wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24. Wote walifanyiwa upasuaji na wote waligundulika kuwa na virusi vya korona, ama siku chache kabla ya kisu au ndani ya mwezi mmoja baada yake. Siku 30 zilipotimia, asilimia 23.8 walikuwa wamefariki. Zaidi ya nusu, asilimia 51.2, walipata matatizo ya mapafu. Kwa fani ambayo mgonjwa aliyepangiwa kubadilishwa nyonga hufa kwa nadra sana, chini ya mmoja kwa mia, namba hizo zilishtua.

Zilisomwa haraka, na katika haraka hiyo zikasomwa vibaya. Karibu robo tatu ya wale watu waliingia chumba cha upasuaji kwa dharura, tayari hali zao ni mbaya. Na wote, bila kubakiza, walikuwa na maambukizi. Kwa hiyo utafiti ule haukusema lolote kuhusu mgonjwa asiye na virusi aliyelazwa katika jengo lisilo na virusi. Ulichosema ni kwamba kisu na kirusi vikikutana katika mwili mmoja, hatari inapanda vibaya sana. Kutoka hapo kuna hitimisho mbili zinazowezekana. Ya kwanza: acha kupasua. Ya pili: hakikisha havikutani. Dunia karibu nzima ilichukua ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi kuitekeleza kwa waraka mmoja.

Ushahidi wa ile ya pili haukuchelewa. Kabla mwaka haujaisha, mtandao uleule ulitoa uchunguzi wa wagonjwa 9,171 wa saratani kutoka nchi 55, waliofanyiwa upasuaji wa kupangwa wakati janga limepamba moto. Waliohudumiwa katika njia iliyotengwa kabisa na wagonjwa wa UVIKO, yaani chumba cha upasuaji, wodi na uangalizi mahututi wa peke yao, walipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 2.2. Waliochanganywa na wengine walifikia asilimia 4.9. Hao ni watu wa saratani, sawa, si wa mifupa. Ila hewa ya wodi haiulizi mtu ameletwa na ugonjwa gani. Machi 2021 ukaja uchunguzi mkubwa zaidi, wa wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116. Baada ya kuzingatia tofauti za umri na maradhi mengine, aliyepasuliwa ndani ya wiki mbili tangu agundulike na virusi alikuwa na hatari ya kufa ya asilimia 4.1, na hata katika wiki ya tano na ya sita hatari ilikuwa 3.6. Kuanzia wiki ya saba ikashuka hadi 1.5, sawasawa na ya mtu ambaye hakuwahi kuambukizwa. Aliyeendelea kukohoa na kuishiwa pumzi hata baada ya wiki saba alibaki hatarini. Hapo hospitali zikawa zimepewa kanuni ya kufanyia kazi: pima, tenga, na kwa aliyeugua hesabu wiki saba ukiweza.

Jambo linalokera ni kwamba watu wa mifupa walikuwa na hoja hii mkononi miaka kumi na zaidi kabla ya korona, kwa sababu ya bakteria. Kiungo bandia kikiingiwa na vijidudu ni balaa. Mara nyingi hutolewa, mgonjwa akakaa na dawa kwa wiki kadhaa, ndipo kingine kiwekwe. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilieleza jinsi hospitali moja ya Uingereza ilivyovizungushia ua vitanda vya mifupa, kwa maana kwamba hakuna mgonjwa wa idara nyingine aliyeruhusiwa kulazwa hapo hata hospitali ijae, na bakteria sugu wa MRSA akapotea miongoni mwa wagonjwa hao. Mwaka huohuo kituo cha pekee cha kubadilisha viungo kilifunguliwa Epsom, kusini mwa London. Mwaka 2012 Profesa Tim Briggs, yeye mwenyewe bingwa wa mifupa, akatoa ripoti ya kitaifa iliyosisitiza jambo hilohilo. Kwa nini basi halikuwa la kawaida kila mahali? Kwa sababu kitanda kilichotengwa kikikaa kitupu usiku mmoja, meneja hukiona kama hasara. Haoni goti lililooza ambalo kitanda hicho kililizuia, kwani goti hilo halikutokea.

Kuna watakaonijibu kwamba hospitali yenye chumba kimoja cha upasuaji haiwezi kujitenga na nafsi yake. Kweli, peke yake haiwezi. Ndiyo maana mfano wa kuangaliwa ni Lombardia, kaskazini mwa Italia, eneo lililopigwa kuliko mengine yote barani Ulaya mwezi ule wa Machi. Huko hawakuiachia kila hospitali ihangaike na kila aina ya mgonjwa. Walichagua hospitali chache ziwe vituo vya majeruhi, Gaetano Pini ya Milano ikiwemo, ili nyingine zibaki na mapafu. Mtu akivunjika alipelekwa kituoni hata kama kuna hospitali karibu naye. Hospitali mbili jirani zenye chumba kimoja kimoja zinaweza kugawana kazi kwa mtindo huo, mradi makubaliano yawe yameandikwa kabla ya moto kuwaka, pamoja na gari la kuwahamisha wagonjwa na jina la mtu mwenye amri ya kuamua nani aende wapi.

Sasa nije kwa wale ambao hata waraka mkali kuliko yote haukuweza kuwaahirisha.

Watu walipojifungia ndani, ajali za barabarani zilipungua, majeraha ya michezo yakakaribia kwisha, na wodi za majeruhi katika nchi nyingi zikapumua. Nyonga za wazee hazikupungua. Mzee huanguka akitoka kitandani kwenda msalani, na karantini haiondoi safari hiyo. Pengine ilimwongezea, maana aliyekuwa akimshika mkono alikatazwa kumtembelea. Nyonga iliyovunjika haina subira. England huhesabu saa 36 tangu mgonjwa afike hospitalini hadi apasuliwe, na hospitali inayovuka hapo hupoteza sehemu ya malipo yake. Sababu inaeleweka na yeyote aliyewahi kumuuguza mzee wa namna hiyo: bila kuunganishwa mfupa hawezi kugeuzwa kitandani bila kulia, hakai, hapumui vizuri, mapafu hujaa maji, mgongo hutoka vidonda, na damu huganda miguuni.

Uskoti walifuatilia wagonjwa wa nyonga katika miezi hiyo. Siku 30 baada ya kuvunjika, karibu 35 kati ya kila 100 waliokuwa na UVIKO-19 walikuwa wamefariki; kwa wasio nayo walikuwa karibu 8. Pengo hilo linatisha. Hata hivyo sikubaliani na wale walioliona kuwa sababu ya kutowapasua wenye virusi. Mgonjwa huyo asipopasuliwa hapati nafuu ya mapafu. Anabaki na virusi vyake, na nyonga iliyovunjika juu yake. Operesheni ya nyonga kwa mzee kama huyo ni kwanza dawa ya maumivu, na madaktari walioendelea kuifanya walikuwa sahihi.

Inafaa kuutazama upasuaji wa namna hiyo kwa karibu, jinsi ulivyokuwa mwezi Aprili wa mwaka ule. Bibi analetwa moja kwa moja hadi chumbani, hapitii sehemu ya kusubiria, barakoa usoni. Hapewi nusukaputi, anakalishwa pembeni mwa meza, muuguzi amemkumbatia mabega, na daktari wa usingizi anamdunga ganzi ya mgongo, maana kuingiza mpira wa kupumulia kooni ndiko kunakotimua hewa ya mapafu chumbani. Ikilazimu nusukaputi, wote wasiohusika hutoka, mlango hufungwa, na hakuna anayerudi hadi hewa ya chumba ibadilishwe. Daktari bingwa mwenyewe ndiye anayeshika kisu, kwa kuwa dakika zina thamani kuliko mafunzo. Vyuma vyote vinavyoweza kuhitajika vimeshapangwa ndani. Kikikosekana kimoja, mtu aliye nje hukipitisha kupitia mwanya wa mlango. Keekee inapoanza kula mfupa, bomba la kunyonya linawekwa kando yake, na chombo cha umeme cha kuzuia damu kinatumiwa kwa uchache, moshi wake ukinyonywa palepale. Ngozi inashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, ili bibi asirudishwe hospitalini kwa ajili ya kutolewa nyuzi.

Mengi katika hayo yalikuwa busara. Mengine yalikuwa woga uliovaa nguo za sayansi. Misumeno na keekee za mifupa hurusha matone ya damu na unga wa mfupa, hilo halina ubishi, na daktari anapaswa kujikinga macho na pua. Lakini virusi hivi havikai kwenye damu kwa wingi: katika uchunguzi wa China uliochapishwa Machi 2020, sampuli za damu zilizoonyesha virusi zilikuwa 3 tu kati ya 307, ilhali makohozi yalionyesha kwa asilimia 72. Na zile kofia kubwa zenye feni na kioo, ambazo wanaobadilisha viungo huzivaa wakafanana na wanaanga, hazichuji hewa anayoivuta daktari. Zilibuniwa kumkinga mgonjwa dhidi ya vijidudu vya daktari, na humzuia daktari asirukiwe na damu, basi. Waliozivaa bila barakoa ya kuchuja ndani yake walijipa moyo bure.

Hatari ya kweli kwa madaktari ilikuwa kwingine. Uchunguzi wa mapema kabisa kuhusu mabingwa wa mifupa wa Wuhan ulikuta 26 walioambukizwa, kutoka hospitali 8 kati ya 24 zilizoulizwa. Walipoulizwa mahali walipodhani waliupatia ugonjwa, wengi mno walitaja wodi za kawaida; chumba cha upasuaji kilitajwa na wachache. Na miongoni mwa mambo yaliyoongeza uwezekano wa kuambukizwa, uchovu mkubwa ulikuwamo. Ninaurudia uchovu kwa sababu hakuna waraka wa vifaa vya kinga unaouweka kwenye orodha. Singapore, waliowahi kuumwa na SARS mwaka 2003, walilielewa hilo mapema: waligawa madaktari wao katika vikosi visivyokutana, kikosi kimoja kikiwa kazini kingine kikiwa nje, ili mmoja akiugua idara isifungwe yote na aliyechoka apate wa kumpokea. Gharama yake ni ratiba tu.

Upande wa pili wa kubadilisha utendaji ulihusu wagonjwa ambao zamani wangepasuliwa na sasa wakaambiwa wafungwe plasta waende nyumbani. Chama cha mabingwa wa mifupa cha Uingereza kilitoa mwongozo Machi 2020 kikiruhusu waziwazi kuvunjika kwingi kutibiwe bila kisu, kikitambua kwamba wengine huenda wakahitaji kurekebishwa baadaye. Magazeti yalilieleza jambo hilo kama tiba ya dhiki. Mimi nililisoma tofauti. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu mfupa wa juu wa mkono uliovunjika karibu na bega ulikwishaonyesha kuwa waliopasuliwa na waliofungwa mkono shingoni kwa kitambaa walikuwa sawa baada ya miaka miwili. Mwaka 2020 wenyewe, utafiti mwingine wa Uingereza ulionyesha vivyo hivyo kwa kimfupa kidogo cha kifundo cha mkono ambacho vijana wengi hukivunja wakianguka: plasta kwanza, na kisu kwa yule tu ambaye mfupa umekataa kuunga. Madaktari waliyajua haya. Mazoea, malipo ya kila operesheni na matarajio ya mgonjwa anayeamini kwamba kuwekewa vyuma ndiko kutibiwa, ndivyo vilivyofanya yasifuatwe. Janga liliondoa kisingizio.

Uzuri ni kwamba hapo hakukuwa na mwisho. Mwaka 2022 Lancet ilichapisha utafiti wa watoto 965 wenye mfupa wa kifundo cha mkono uliobonyea bila kukatika, jeraha la kawaida kabisa la mtoto aliyeanguka akicheza. Nusu walipewa bendeji na kuruhusiwa moja kwa moja. Nusu wakafungwa kitu kigumu na kufuatiliwa. Maumivu na uponaji vilikuwa sawa. Fikiria ni safari ngapi za kliniki, picha ngapi za eksirei na masaa mangapi ya mzazi kwenye benchi yaliyokuwa yakitumika kwa jeraha linaloponywa na bendeji.

Nisije nikaeleweka kwamba nawapigia debe wanaotaka kuacha kupasua. Mwaka huohuo wa 2022, watafiti walilinganisha plasta na vipini vya chuma kwa watu wazima ambao mfupa wa kifundo cha mkono ulisogea na kurudishwa mahali pake. Baada ya mwaka mmoja matokeo yalilingana. Ila katika wiki sita za mwanzo, asilimia 13 ya waliofungwa plasta walihitaji operesheni kwa sababu mfupa uliteleza tena. Kwa wenye vipini ilikuwa mtu mmoja tu. Plasta ni chaguo zuri iwapo kuna mtu wa kuitazama tena picha baada ya wiki moja au mbili. Ukimfunga mtu plasta, ukamwambia asirudi kwa sababu ya korona, umempa nusu ya tiba.

Na kuna mahali ambapo ushauri wa kutopasua ulikuwa hatari kabisa ukichukuliwa kama ulivyo. Chukua mfupa wa paja. Mwongozo ulioandikwa na nchi tajiri hauligusi sana jambo hili, kwa kuwa kwao paja lililovunjika la mtu mzima hupigwa chuma ndani ya siku moja au mbili na mjadala umekwisha. Lakini sehemu kubwa ya dunia bado humlaza mtu huyo chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, wiki sita na hata zaidi. Hospitali ikipunguza upasuaji ili kuokoa vitanda, kisha ikawaweka wenye mapaja kwenye uzito, inapoteza vitanda vingi kuliko ilivyookoa, na inawalaza watu hao mwezi na nusu katika wodi ileile inayohofiwa kwa maambukizi. Msumari wa ndani ya mfupa ungemtoa hospitalini baada ya siku chache. Na usifikiri ni lazima kuwe na mitambo ya bei mbaya: shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 Richland, jimbo la Washington, hutoa misumari iliyobuniwa makusudi ipigwe bila mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji. Wakati wa janga, kwa mgonjwa wa paja, kupasua ndiko kunakopunguza mzigo.

Hali kadhalika kwa mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Njia ya Ponseti hutaka plasta ibadilishwe kila wiki, kwa majuma kadhaa mfululizo, wakati mishipa ya mtoto bado ni laini. Hakuna anayeiita dharura. Ukiikatiza miezi minne, mguu hurudi ulikokuwa na kazi inaanza upya kwa mtoto mkubwa zaidi. Usaha ndani ya kiungo, mfupa uliotoboa ngozi, misuli iliyovimba hadi ikaziba damu yake, hivyo kila daktari anajua haviahirishwi, na kwa kweli havikuahirishwa. Walioteseka ni wale wa katikati, wasiokufa wiki hii wala wasiopona wakiachwa.

Kliniki ya simu nayo imesifiwa kupita kiasi na kulaumiwa kupita kiasi. Haikuzaliwa na korona. Glasgow walianza kuwapitia wagonjwa wa kuvunjika bila kuwaita kliniki tangu mwaka 2011. Daktari bingwa huangalia picha na maelezo ya dharura, kisha muuguzi humpigia mgonjwa. Ikifanywa hivyo, na mtu mwenye uzoefu, ni huduma bora kuliko kukaa foleni asubuhi nzima ili uambiwe "endelea vizuri" na daktari mwanafunzi. "Mama, vidole vinachezeka vyote? Hebu vikunje, nieleze kama vinakufa ganzi. Usiku unalala?" Maswali matatu kama hayo yanatosha kwa kifundo cha mkono kilichokaa vizuri. Hayatoshi kwa goti lililoteguka, ambalo ni lazima lishikwe kwa mikono miwili, wala kwa mgongo unaouma wa mtu ambaye ameanza kushindwa kuzuia mkojo na anaona haya kulitaja jambo hilo kwenye simu huku wanawe wakisikiliza. Simu pia haimfikii kikongwe asiyesikia vizuri, na mara nyingi anayejibu kwa niaba yake hajui anaumwa wapi. Mwongozo wowote wa kliniki ya simu ungepaswa kuanza na orodha ya wasioruhusiwa kuhudumiwa kwayo. Mingi niliyoiona inaanza na programu ya kutumia.

Mafunzo nitayapita haraka. Kizazi kizima cha madaktari waliokuwa masomoni kilipoteza operesheni za kujifunzia, kwa kuwa mabingwa walishika visu wenyewe na upasuaji wa viungo, ambao ndio darasa lao kuu, ulisimama. Vyuo vilirefusha muda kwa baadhi yao na kufumba macho kwa wengine. Athari yake tutaiona taratibu.

Kitu kingine wasomaji wengi hawakijui ni deni ambalo majanga huacha ndani ya mifupa yenyewe. Waliopona SARS mwaka 2003 baada ya kupewa steroidi kwa dozi kubwa, baadhi yao walirudi hospitalini miezi na miaka baadaye kichwa cha mfupa wa paja kikiwa kimekufa kwa kukosa damu. Dozi ya deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, iliyothibitishwa kwa wagonjwa wa korona na utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY mwezi Juni 2020 ni ndogo, miligramu 6 kwa siku, siku 10 zikizidi sana, lakini kwingi ilitolewa zaidi ya hapo. Mtu aliyelazwa mahututi kwa korona akianza kulalamika kinena, asiambiwe ni uzee kabla ya kupigwa picha.

Tunarudi kwa waliokuwa wakingoja goti na nyonga, maana hao ndio wengi. Kabla ya janga, foleni ya matibabu England ilikuwa na majina zaidi ya milioni 4. Mwaka 2023 ilipita milioni 7.5, na idara yenye majina mengi kuliko zote ni ya mifupa na majeruhi. COVIDSurg walikwishaonya: hata nchi zikiongeza operesheni kwa asilimia 20 juu ya kawaida, kufuta malimbikizo ya zile wiki 12 tu kungechukua wiki 45. Wakati huohuo madaktari wa Uingereza waliwauliza walio kwenye foleni kuhusu maisha yao kwa kipimo kinachotumika duniani, ambacho sifuri yake ni kifo. Zaidi ya thuluthi moja ya waliongoja nyonga, na zaidi ya mmoja kati ya watano waliongoja goti, walipata alama chini ya sifuri. Kwa mujibu wa majibu yao wenyewe, hali waliyokuwa nayo ilikuwa mbaya kuliko kifo. Miaka michache kabla ya hapo, hesabu hiyo ilikuwa karibu nusu yake.

Watu hao waliwekwa kwenye daraja la nne. Aprili 2020 vyama vya upasuaji vya Uingereza vilitoa ngazi za kipaumbele: daraja la kwanza, lenye sehemu mbili, ndani ya saa 24 na ndani ya saa 72; la pili, ndani ya mwezi; la tatu, ndani ya miezi mitatu; na la nne, wanaoweza kungoja zaidi ya miezi mitatu. Ngazi zenyewe ni nzuri, na hospitali isiyo nazo izinakili. Kasoro yake ni kwamba aliyeandikwa daraja la nne hana kinachompandisha. Kila siku anaingia mgonjwa mpya wa daraja la pili au la tatu na kumruka, na hakuna chochote katika utaratibu kinachomlazimisha mtu kulifungua tena faili la yule wa nne aone kwamba aliyekuwa akichechemea sasa hainuki kitini, anameza dawa kali za maumivu kila siku, na misuli ya paja imesinyaa kiasi kwamba hata operesheni ikija haitampa kile ambacho ingempa mwaka uliopita.

Kama ningepewa kifungu kimoja cha kuingiza katika mpango wa hospitali wa janga lijalo, kingekuwa hiki: kila mgonjwa wa daraja la nne apigiwe simu kila baada ya miezi mitatu, na mtu wa fiziotherapia, si karani, akiwa na maswali ya kipimo kilekile, anayeshuka chini ya sifuri apande daraja siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Kingine, vitanda vyake viwe vimetengwa tangu sasa, na mwenye mamlaka ya kuvifungua kwa wagonjwa wengine awe mkuu wa idara ya mifupa kwa sahihi yake mwenyewe. Mameneja watauliza ni nani atakayelipia kitanda kinachokaa kitupu usiku. Wawekewe mezani gharama ya nyonga moja iliyooza.